Sauti Katika Waya wa Jomvu

Datsun ya kijivu ilikata kona ya Changamwe bila kupunguza mwendo.

Johari Khatibu aliikata vile vile.

Muuza mahamri aliruka mtaroni na beseni lake, akatukana. Johari hakugeuka. Peugeot 504 yake ilikuwa na dirisha lisilofunga, lakini injini ilikuwa imefungwa upya na mafundi wa idara ya usalama, na ilikuwa na hasira kuliko dereva wake.

Saa tisa na nusu, alasiri ya Alhamisi, mwezi wa tatu, mwaka 1988.

"Nanga, hapa Tewa," alisema kwenye Motorola. "Mwarandu ameshika njia ya Jomvu."

"Usimpige risasi," ilijibu sauti kavu ya Hamoud, mkuu wake. "Namtaka aliyemtuma."

"Na akinipiga mimi?"

"Basi utakuwa umezubaa."

Redio ikakatika. Hamoud hakuwa mtu wa kuaga.

Mambo yalikuwa yameanza asubuhi. Saa tatu, katika kituo cha kufua umeme kando ya mkono wa bahari, simu ya Nairobi ililia. Badi, mwendeshaji wa zamu, alisikia sauti ya msimamizi wa Nairobi, sauti aliyoizoea kwa miaka sita, ikimwamuru azime mashine moja. Akazima. Kisauni yote na nusu ya Likoni zikakosa umeme dakika kumi na moja.

Nairobi wakaapa kwamba hawakupiga simu.

Meneja alimwita Badi mlevi mbele ya wafanyakazi. Johari alimvuta kando.

"Ulipomwuliza hali, alikujibu nini?"

"Hakujibu. Alirudia maneno yale yale."

"Kwa pumzi zile zile?"

Badi alimkodolea macho. "Wallahi, kwa pumzi zile zile."

Kabla idara haijamchukua, Johari alikuwa ameunganisha simu za watu posta kwa miaka minane. Alijua kuwa binadamu harudii pumzi. Kaseti ndiyo hurudia.

La asubuhi lilikuwa jaribio tu. Kazi yenyewe ilikuwa saa kumi.

Saa kumi kamili pwani ingeachana na mashine za mafuta na kuanza kutumia umeme wa maji, uliokuja kwa waya mpya kutoka mabwawa ya Tana. Mashine zingezimwa moja moja, kila moja baada ya waya mpya kuubeba mzigo wake. Zikizimwa zote kwa mpigo kabla ya hapo, pwani nzima ingeanguka. Pampu za maji. Hospitali. Winchi za bandari. Na nje ya bandari ilikuwa imetia nanga meli ya kampuni moja ya ng'ambo, imejaa majenereta ya dizeli, ikingoja mawaziri waingiwe na hofu, wayanunue.

Johari aliomba shughuli iahirishwe. Meneja akakataa. Alisema habari za kaseti ni porojo za mwanamke. Akaweka kiti chake nyuma ya Badi na kuapa kwamba amri yoyote kutoka Nairobi itatiiwa pale pale.

Simu ya asubuhi haikupita posta. Ilisafiri kwenye waya wenyewe wa umeme, juu ya minara, na aliyejua pa kuiingilia alikuwa mmoja tu: Mwarandu, fundi wa zamani wa simu hizo, aliyeachishwa kazi mwaka uliopita. Johari alikaa nje ya chumba chake Changamwe tangu saa sita, mpaka fundi akatoka.

Sasa alikuwa amempoteza.

Datsun ilisimama tupu mwisho wa barabara ya gari, Jomvu Kuu, milango wazi. Mbele kulikuwa na vijia tu kati ya nyumba za udongo na migomba. Johari aliruka nje, bastola yake ya Walther chini ya mtandio.

Saa tisa na dakika arobaini na tano.

Bibi mmoja alikuwa kibarazani akipara samaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisu hakikusimama.

"Kuna mzungu amepanga nyumba hapa karibu?"

"Nyinyi watu wa serikali mukija huku ni kuuliza tu. Mukiulizwa, hamujibu."

"Nina dakika kumi na tano, bibi."

"Mimi nina mchana kutwa."

Jirani mmoja dirishani akaita, "Bi Mwanatumu, usimwambie kitu!" Mwengine akatema mate njiani, karibu na miguu ya Johari.

Johari aliinua macho.

Kanga nne zilikuwa zimeanikwa uani. Kamba ya kuanikia ilikuwa nyeusi, nyembamba, mpya kabisa. Haikuishia kwenye mti. Ilipanda mpaka kwenye mnara wa umeme nyuma ya migomba, na upande wa pili iliingia dirishani mwa nyumba ndogo ya uani.

Haikuwa kamba.

Alipita chini ya kanga kwa hatua tatu. Mwarandu alitoka mlangoni na nyundo. Johari aliinama, nyundo ikapasua udongo wa ukuta. Alimshika kifundo cha mkono, akakisokota mpaka kikalia.

Fundi alianguka magotini. "Umechelewa," alikoroma. "Umechelewa, dada."

Johari aliupiga mlango teke.

Mdomo wa bastola ukamgusa shingoni.

"Weka chini," sauti ilisema. "Polepole."

Walther ikaanguka sakafuni. Mwanamume mrefu mwenye shingo nyekundu aliisukuma mbali kwa buti. Alikuwa kaburu aitwaye Raath, askari wa zamani wa mawasiliano, ambaye picha yake ilikuwa mezani kwa Hamoud kwa miezi miwili. Kiswahili chake kilikuwa safi na kibaya, kama cha mtu aliyejifunza ili atoe amri tu.

"Kaa pembeni. Utasikia kitu kizuri."

Mezani palikuwa na tepu rikoda ya Sony na mkono wa simu wenye kitufe cha kusemea. Raath alitazama saa yake. Saa kumi kasoro dakika tano. Akabonyeza kitufe kwa mkono mmoja, akaisogeza Sony na kuiwasha kwa mkono wa pili.

Bastola yake ikabaki mezani. Mtu ana mikono miwili tu.

"Changamwe, hapa Nairobi," kaseti ilisema. "Zima mashine namba moja, mbili na tatu kwa pamoja. Sasa hivi."

Raath aliachia kitufe. Sauti ya Badi ikaja, imekauka. "Nairobi, hamjambo? Rudia amri."

Nyuma yake meneja alikuwa akifoka. "Umesikia! Zima!"

Raath alirudisha kaseti nyuma. Akabonyeza kitufe tena.

Na kitufe kikiwa kimebonyezwa, kila sauti iliyokuwa chumbani ilikwenda Changamwe.

"Badi!" Johari alipiga ukelele. "Ni kaseti! Usizime kitu!"

Raath alitupa simu na kuinyakua bastola. Johari aliipiga meza teke kwa miguu yote miwili. Risasi ilitoboa makuti. Ya pili ilimchana Johari begani, moto mtupu. Hakuingoja ya tatu. Aliiokota Sony kwa mpini wake na kumpiga nayo Raath sikioni, mara moja, halafu mara nyingine kwa sababu alitaka.

Kaburu akalala.

Simu ilikuwa ikining'inia. Johari aliidaka.

"Badi!"

"Nani huyo?"

"Johari. Wa asubuhi."

"Meneja amenishika mkono. Ataka azime mwenyewe."

"Basi mng'oe!"

Purukushani ikasikika. Kiti kikaanguka. Mtu akalia kwa uchungu. Johari alisubiri, damu ikimtiririka mpaka kiwikoni. Kama mashine zingezimwa, angeusikia mngurumo ulio nyuma ya sauti ya Badi ukifa.

Haukufa.

"Nimefunga mlango," Badi alisema, akihema. "Yeye yuko nje. Nitafukuzwa kazi."

"Huenda. Kaa kitini."

Saa kumi kamili sauti nyingine iliingia, ikiwa na mafua kidogo. "Changamwe, hapa Nairobi. Habari za huko?"

"Nzuri," Badi alijibu. "Nzuri sana, mzee."

Mashine zilizimwa moja moja, kwa saa nzima. Hakuna taa iliyopepesa, Likoni wala Kisauni. Wakati watu wa Hamoud wanawasili na pingu, pwani ilikuwa ikitumia maji ya Tana bila kujua.

"Umewapata wazima," Hamoud alisema redioni. "Meli inang'oa nanga."

"Na Badi?"

"Meneja ameandika barua ya kumshtaki."

"Ichane."

"Si kazi yetu."

"Ichane, mzee, au ripoti yangu itakuwa na jina la meneja kila ukurasa."

"Nitaichana," Hamoud alisema.

Johari alitoka uani. Bi Mwanatumu alikuwa akiokota kanga zake mavumbini, maana waya ulikuwa umeng'olewa.

"Mulikuwa mukipigania nini humo?"

"Umeme, bibi."

Bibi alitazama juu, kwenye mnara. "Huu upitao juu ya kichwa changu?"

"Ndio."

"Na mimi nawasha kandili."

Johari alichota maji mtungini, akanawa damu mikononi, akafunga bega kwa mtandio. Majirani walimtazama. Alipita katikati yao, hakuharakisha, mpaka kwenye gari.

"Tewa, Tewa, hapa Nanga," redio iliita. "Kuna kazi nyingine."

Akaizima, akawasha injini.