Sauti ya Tatu Ndani ya Helmeti

Helmeti ya wanafunzi ilikuwa juu ya meza ya ofisi, redio yake imezimwa tangu asubuhi, na ndani yake kulikuwa na mtu anapumua.

Bi Funguo aliacha kufagia. Alidhani ni feni, akaizima. Pumzi zikaendelea, polepole, kama za mtu anayesubiri kuambiwa jambo zuri. Akaiinua ile helmeti, akaisogeza sikioni. Kimya. Ila pua yake ilinasa kitu: marashi. Matamu, mazito, ya mwanamke aliyejiandaa akaandalika.

"Ahaa," akasema peke yake. Hakuogopa. Alikasirika.

Tuseme ukweli mapema: Bi Funguo alikuwa na wivu wa kupindukia. Mumewe alikuwa mwalimu wa pikipiki, na wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake. Chuo chao kilikuwa kiwanja cha changarawe nyuma ya ghala la saruji: pikipiki nne, koni za plastiki, na chumba kimoja cha ofisi. Mke ndiye aliyeshika funguo za pikipiki, za ofisi na za geti, na ndiyo maana wanafunzi wakampa jina hilo. Lilimpendeza. Kama mume naye angekuwa na tundu la ufunguo, angemfunga jioni na kumfungua asubuhi.

Redio zenyewe walizinunua kwa sababu Mwalimu alikuwa amekauka koo kwa kupiga kelele. "Achia klachi! Breki! Breki, mama, siyo honi!" Kila jioni alirudi nyumbani sauti imekwaruza kama bati. Basi wakaenda wote wawili dukani kwa muuza vipuri, wachague redio za kufunga ndani ya helmeti.

Muuzaji aliweka maboksi mawili kwenye kaunta. "Hii bei poa," alisema, "lakini upepo ukivuma utasikia upepo tu. Hii nyingine ndiyo mambo yote. Kipaza sauti kina sifongo, upepo hauingii. Spika zake nyembamba, hazibani masikio. Vitufe vikubwa, unabonyeza hata ukiwa na glavu. Betri siku nzima. Inaunganisha helmeti mbili."

Mwalimu aliigeuza mkononi. "Hii inatosha. Mimi na mwanafunzi."

"Na mimi?" akauliza mkewe.

"Wewe si uko ofisini? Utaendesha nini, meza?"

Muuzaji alicheka, akamwona Bi Funguo usoni, akaacha kucheka.

"Hakuna inayounganisha watu watatu?"

Muuzaji alijikuna shingo. Akaenda nyuma, akarudi na boksi lililofunguliwa, kona zake zimelainika. "Ipo hii. Nzima kabisa, ila ilirudishwa. Aliyeirudisha alisema inaingiliana."

"Inaingiliana na nini?" akauliza Mwalimu.

"Hakusema. Aliiweka hapa akaondoka, hata hakudai chochote."

"Mke wangu, tuchukue ile ya pili. Mtu harudishi kitu kizuri bure."

"Tunachukua hii," akasema Bi Funguo. Waliijaribu palepale. Sauti ilikuwa safi ajabu, kama mtu amekukalia begani. Bi Funguo alitabasamu njia nzima. Sasa, akiwa ameketi ofisini na helmeti yake kichwani, angesikia kila neno ambalo mumewe anamwambia mwanafunzi yeyote, na kila neno ambalo mwanafunzi anamjibu.

Ndiyo maana yale marashi yalimkera kuliko zile pumzi. Alimkumbuka haraka mshukiwa wake: nesi mmoja, mrefu, mcheshi, aliyekuwa akijifunza ili aache kuchelewa zamu. Nesi alipofika mchana ule, Bi Funguo alimzuia mlangoni.

"Marashi yako yanabaki kwenye helmeti yetu."

"Marashi gani, mama?"

"Usiniite mama. Unajipaka kwa ajili ya nani?"

Nesi alimtazama kwa mshangao uliogeuka kuwa huruma. "Mimi niko wodi ya watoto wenye pumu. Harufu kidogo tu wanabanwa. Mwaka mzima sijapaka hata mafuta yanayonukia." Akageuka akaondoka, na hakurudi tena.

Marashi yalibaki.

Siku chache baadaye, saa ya jua kali, hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Mwalimu alivaa helmeti yake, akatoka peke yake na pikipiki, akawa anazunguka kati ya koni. Bi Funguo alimtazama kidogo, kisha mkono ukamwasha. Akavaa helmeti yake, akawasha redio, akajikalia kimya.

Alimsikia mumewe akicheka. Kicheko kile cha chini, cha tumboni, ambacho yeye hakuwa amekisikia tangu miaka ya mwanzo ya ndoa.

"Punguza mwendo, mume wangu," ikasema sauti ya mwanamke. "Koni iko kushoto. Sogea kulia kidogo. Hapohapo."

"Nikikosa?"

"Hukosi nikiwepo."

Bi Funguo alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Kiwanjani hapakuwa na mtu zaidi ya mumewe na vumbi lake.

"Usigeuke," ikasema ile sauti, laini vilevile. "Anatusikiliza."

Na Mwalimu hakugeuka. Akaendelea kuzunguka, mgongo umenyooka, kama mtoto aliyeambiwa akae vizuri, na Bi Funguo akainamisha macho taratibu hadi kwenye meza iliyokuwa mbele yake, pale ilipokaa helmeti ya wanafunzi na redio yake iliyozimwa, akaona kioo chake kikiingia ukungu kwa ndani, kisha ukungu ule ukapungua, kisha ukaongezeka tena, sawasawa na mtu anayevuta pumzi na kuzitoa, na harufu ya marashi ikajaa chumba kizima mpaka akahisi utamu wake kwenye ulimi.

Nyumbani alimbana mumewe kabla hajavua viatu.

"Yule nani?"

"Nani tena?"

"Anayekuita mume wangu."

Mwalimu alishughulika na kamba za kiatu. "Ni mwingiliano wa mawimbi tu. Tuliambiwa."

"Mawimbi yameolewa na wewe lini?"

Alikula kidogo, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na Bi Funguo akazidi kuumia. Mtu akifoka unajua pa kumshika. Huyu alikuwa mpole kama mgeni.

Kesho yake jua likielekea kuzama, Bi Funguo alitangulia kuondoka na pikipiki yake ndogo. Mwalimu alibaki kuosha nyingine. Barabara kuu ilikuwa na magari mengi, na mbele yake lori la kokoto likajikokota likimwaga vumbi. Redio ndani ya helmeti yake ikakwaruza.

"Mke wangu, niko nyuma yako," ikasema sauti ya mumewe. "Mbele kweupe. Pita."

Alimwamini. Miaka yote ndiye aliyemfundisha kupita lori. Akaongeza moto, akatoka upande wa kulia, na alipokuwa usawa wa matairi ya nyuma ndipo alipoliona tangi la mafuta likija uso kwa uso, taa zake zote zinawaka, honi yake ikilia kama ng'ombe anayechinjwa, na hakuwa na nafasi ya kurudi wala ya kwenda mbele, kushoto chuma na mbele chuma, akaangusha pikipiki upande wa ng'ambo ya barabara, akateleza nayo juu ya kokoto, akaingia mtaroni na mkono wake ukiwa umechubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja, na katika kimya kilichofuata mwanamke akacheka taratibu masikioni mwake, akasema, "Si kitu. Kesho ipo."

Alimpigia mumewe simu. "Uko wapi?"

"Kiwanjani. Bado naosha. Kwani vipi?"

Redio zile hazikuwa na uwezo wa kuvuka hata ghala la saruji.

Mwalimu alifika akiwa bado na povu mikononi. Alipouona ule mkono, akaketi chini ukingoni mwa mtaro.

"Amekugusa?"

"Nani, Mwalimu?"

"Aliniahidi hatakugusa."

Bi Funguo alimtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Maumivu ya mkono yalikuwa makali, lakini hayakufika robo ya yale yaliyompata kifuani. "Kwa hiyo unamjua."

"Najua si mtu," akanong'ona. "Mwanzoni nilidhani ni mwanafunzi. Halafu siku moja nikaona helmeti iko mezani, na bado anaongea. Nilitaka kuzima. Wallahi nilitaka. Nikasema, acha amalize sentensi."

Asubuhi walikwenda kwa shangazi yake Mwalimu. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na watu walimfuata chumba cha uani awatoe mashetani. Alisikiliza hadithi yote bila kuwakatiza.

"Jini mahaba," akasema. "Hao hawaji kula nyama wala kunywa damu. Wanakuja kuoa na kuolewa, na hawataki mke mwenza."

Alitandika mkeka, akazipanga helmeti zote tatu, akazitoa betri moja moja na kuziweka kando. Akatia ubani kwenye makaa, akasoma kwa sauti ya chini huku moshi ukizunguka. Marashi yakaja, yakaushinda ubani. Kisha sauti ikatoka, si katika helmeti moja, bali katika zote tatu.

"Mnanisumbua."

"Unataka nini kwa mwanangu?" akauliza shangazi.

"Ni mume wangu."

"Nani aliyekuoza?"

"Mwenyewe. Nilimwomba nikae karibu naye. Akasema, kaa."

Shangazi alimgeukia Mwalimu, na safari hii hakuwa na kicheko. "Ni kweli?" Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Basi sikiliza, mwanangu. Mimi naweza kumbana, siwezi kumkataa kwa niaba yako. Mwambie wewe mwenyewe humtaki."

Mwalimu alifungua mdomo. Akaufunga. Makaa yakapasuka, moshi ukapanda, nje jirani akasogeza kiti. Aliitazama helmeti yake kwa macho ambayo mkewe aliyajua, maana zamani yalikuwa yake.

Hapo wivu ukampanda Bi Funguo kichwani. Akaruka mkekani, akaikamata helmeti ya wanafunzi, akaivaa.

"Vua!" akapiga kelele shangazi. "Vua hiyo!"

Ndani mlikuwa na giza, na giza lile lilikuwa na joto la mwili. Mdomo usioonekana ulikuwa karibu na sikio lake.

"Wewe uliinunua redio ili umchunguze," ikasema sauti. "Mimi nikaja nikamsikiliza. Muulize aliniambia nini. Muulize, kama unathubutu."

Bi Funguo aliivuta helmeti, ikagoma, akaivuta kwa nguvu zote hadi ikatoka na nywele zake. Alikuwa anahema.

"Ulikuwa unamwambia nini?" akamuuliza mumewe.

Mwalimu aliinama. "Jicho la kushoto linakufa. Tangu mwaka jana. Upande huo kila kitu kina ukungu. Koni sizioni mpaka nizikaribie." Akajifuta uso kwa mkono. "Mwalimu wa pikipiki haoni, mke wangu. Ningekuambia, ungefoka. Yeye hakufoka."

"Mimi ningefoka?" akafoka Bi Funguo, kisha akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtoka. "Pole," akasema. "Pole, baba. Ningefoka, ni kweli. Halafu ningekushika mkono nikupeleke kwa daktari."

Walikaa hivyo, wote wawili wanalia, na Mwalimu akanyoosha mkono akamshika mkewe ule mkono mzima. Akazigeukia helmeti.

"Sikutaki," akasema. "Toka. Nina mke."

Yowe lililotoka halikuwa la mtu wala la mnyama. Spika zote zilipasuka kwa pamoja, vioo vikapata nyufa, na upepo ukapita chumbani kutoka ukutani kwenda ukutani bila kupitia mlango wala dirisha. Kisha ikabaki harufu ya ubani tu. Shangazi alimwaga maji juu ya makaa. Alimtazama Bi Funguo kwa muda, akamnawisha uso, akamshika kidevu na kumgeuza huku na huku.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Mwepesi," akasema Bi Funguo, na ilikuwa kweli.

Helmeti walizichoma. Nesi alifuatwa kwake akaombwa radhi, akakubali kwa shingo upande, lakini kiwanjani hakutia mguu. Daktari wa macho akasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa kwa upasuaji mdogo tu. Mwalimu akarudi kufundisha kwa filimbi na kitambaa chekundu, mwendo wa taratibu.

Jioni ya mkesha wa upasuaji waliketi barazani, jua bado halijazama. Mwalimu akasema anaogopa. Anaogopa kisu. Anaogopa kuamka gizani.

Bi Funguo alitaka kumwambia asilete mambo ya kitoto. Kwamba kama angesema mapema wangeshamaliza. Maneno yale alikuwa nayo tayari kwenye ulimi. Akafungua mdomo.

"Niegemee, kipenzi," ukasema mdomo wake, kwa sauti laini, tulivu, isiyo na haraka. "Hata giza likija, litatukuta wawili."

Alishtuka. Akajaribu kuinuka, miguu haikumsikiliza. Mkono wake, ule uliokuwa na kovu bichi, ulinyanyuka wenyewe, ukaanza kuzipapasa nywele za mumewe kwa namna ambayo yeye hakuwahi kuzipapasa.

Mwalimu alifumba macho. Uso wake wote ulilegea kwa raha. "Umebadilika, mke wangu," akasema. "Tangu tuoane sijawahi kukupenda kama leo."

Bi Funguo aliyasikia maneno hayo, maneno aliyoyangoja miaka na miaka, na akajua hakuambiwa yeye. Wivu ukamwaka mwili mzima, mkali kuliko wote aliowahi kuuona, na hakuwa na mkono wa kumsukuma yule mwanamke wala mguu wa kumkimbilia shangazi. Alikusanya nguvu zake zote, kutoka huko ndani alikosukumiwa, amwambie mumewe maneno mawili tu: si mimi.

"Nami nakupenda," ukasema mdomo.