Waya wa Kalunde

Asubuhi ya Alhamisi moja, mwezi wa Agosti mwaka 1936, Kivuva wa Mwangangi alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake karibu na soko la Migwani, akisokota mnyororo wa shaba na kumsimulia mkewe mambo ya mnadani. Minyororo yake ilijulikana hadi Mbumbuni. Waya aliuvuta mwenyewe kwenye matundu ya bamba la chuma, tundu baada ya tundu, mpaka ukawa mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Mikono ilifanya kazi, na mdomo nao haukupumzika.

"Baba Kaluki, nyamaza kidogo nikumbuke wimbo," Mutindi alimwambia. "Ukiendelea hivi nitamwimbia Mzungu habari za mbuzi wako."

"Mwimbie. Ni mbuzi mzuri."

Mzungu huyo, Bwana Tolland, alikuwa amekuja na lori kunasa nyimbo za Wakamba kwenye santuri, naye alikuwa amepewa darasa moja la shule ya misheni. Mutindi ndiye angeongoza wanawake. Zamani aliyeongoza alikuwa Kalunde binti Nzuki, mke mkubwa wa Kivuva, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka huo.

Saa nne Abukar Aftin, dereva wa lile lori, alifika kwa miguu, vumbi hadi kwenye kope.

"Fundi wa waya ni wewe?" Aliinua mnyororo kwa kidole. "Na hii ni ya kufunga nini? Nzi?"

"Ni ya kufunga madereva wenye mdomo. Karibu, keti."

Abukar hakuketi. Alieleza kwamba maikrofoni ya Bwana Tolland huning'inia katikati ya pete ya chuma kwa springi nne, ili mtikisiko wa sakafu usiifikie. Barabara ya kutoka Kitui ilikuwa imekata springi mbili na kulegeza mbili.

"Tumefunga kamba, tumefunga mpira wa tairi. Wanawake wakikanyaga chini, inagonga pete, ka-ka-ka, santuri inaharibika. Saa nane tunaondoka, mzee. Kama haijatengenezwa, hakuna kuimba."

Mutindi alimtazama mumewe. Kivuva aliona jinsi mikono yake ilivyolegea.

Kivuva aliichunguza springi iliyokatika, ambayo Abukar alikuwa amekuja nayo. Waya wake mwembamba wote ulikuwa umeshakatwa vipande vya mnyororo; uliobaki ulikuwa mnene mno, na kuuvuta upya kungechukua siku mbili. Waya mwembamba kiasi kile ulikuwa mahali pamoja tu: katika vikuku vya Kalunde, ambavyo Kivuva alikuwa amemsokotea mwaka wa ndoa yao.

Vikuku hivyo vilikuwa ghalani, vimefungwa ndani ya ngozi pamoja na vitu vingine vya marehemu. Havikupaswa kuguswa mpaka mzee Musembi avinyunyizie ng'ondu, maji ya dawa ya kutakasa. Musembi alikuwa amekwenda Kikima kwa binti yake, na hakuna aliyejua angerudi lini. Kila mtu wa pale alilijua jambo hilo. Kivuva alilijua kuliko wote.

Alimwambia Mutindi atangulie shuleni. Kisha akaingia ghalani.

Kufikia saa sita springi nne zilikuwa tayari. Darasani, Kivuva alizitia moja moja katika kulabu za ile pete. Bwana Tolland aliisukuma maikrofoni kwa kidole. Ikayumba, ikarudi katikati, ikatulia. Akampa Kivuva mkono.

Mutindi aliimba kwanza peke yake, kwa majaribio. Santuri zile zilikuwa za bati, zikisikilizwa papo hapo. Sindano ikashuka. Sauti ya Mutindi ikatoka safi, bila ka-ka-ka.

Nyuma yake palikuwa na sauti ya pili.

"Nani alimwitikia?" Abukar aliuliza. Wanawake walitazamana. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Bwana Tolland alifurahi sana, akaagiza waimbe wote. Wakaimba, wakakanyaga sakafu mpaka madirisha yakalia. Maikrofoni haikutikisika hata kidogo. Ilipochezwa santuri ya pili, ile sauti nyingine ndiyo iliyokuwa mbele, nene, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa neno. Mutindi alisikika mbali, kama mtu anayeimba nyuma ya ukuta.

Alimsogelea mumewe. Aliposema, ilikuwa pumzi tu.

"Baba Kaluki. Koo langu."

Kivuva alizitazama zile springi. Alimwomba Abukar amwambie Mzungu waache. Abukar akasema, Mzungu akatikisa kichwa: mara moja tu, ya mwisho. Santuri ya tatu ikaanza kuzunguka.

Mutindi alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Darasa lilikuwa kimya. Lakini mshale wa mashine, ule unaocheza mtu akiimba, ulikuwa ukicheza. Ulipanda, ukashuka, ukapanda.

Bibi mmoja, Kalondu, aliyekuwa ameimba na Kalunde tangu usichana, alijifunika mdomo kwa shuka.

"Ni yeye," alinong'ona. "Hapo mshale unaposhuka ndipo alipokuwa akivuta pumzi."

Wanawake wakatoka mbio. Bwana Tolland aliwafuata nje, akiita. Mutindi alibaki palepale, mikono shingoni. Midomo yake iliendelea kutamka maneno ya wimbo. Hakuweza kuifunga.

Kivuva akatoa koleo.

Akakata springi ya kwanza. Mshale ulicheza. Akakata ya pili. Akakata ya tatu. Mutindi alipiga magoti. Akakata ya nne.

Maikrofoni haikuanguka.

Ilining'inia katikati ya pete, haikushikwa na kitu. Abukar, mlangoni, alianza kusoma dua.

Kivuva aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia kile chuma.

"Kalunde," alisema polepole. "Ni mimi niliyekosa. Niligusa vitu vyako kabla ya wakati. Huyu hakujua. Mwachie sauti yake." Akangoja. Mshale ulisimama, kama mtu anayesikiliza. "Ukitaka sauti, chukua yangu."

Maikrofoni ikamwangukia mkononi. Ilikuwa na joto, kama kiganja cha mtu.

"Baba Kaluki!" Mutindi alilia, kwa sauti yake mwenyewe. "Twende nyumbani!"

Kivuva alifungua mdomo kumjibu.

Musembi aliporudi kutoka Kikima alinyunyiza ng'ondu ghalani, nyumbani na juu ya Kivuva mwenyewe, na vipande vya waya vikazikwa. Haikusaidia. Kivuva hakutamka neno tena. Bwana Tolland aliondoka siku ileile, na santuri ya tatu ikabaki juu ya dawati, kwa kuwa Abukar alikataa kuibeba. "Ile siingizi ndani ya lori," alisema. Mutindi aliichukua, akaificha.

Alivumilia miaka miwili. Mwezi wa Novemba 1938, mvua ikinyesha, aliipeleka kwa Bulle, mwenye duka hapo Migwani, aliyekuwa na gramafoni. Alitaka tu kuisikia sauti ya mumewe. Kivuva aliandamana naye, akasimama mlangoni.

Kwanza ulitoka wimbo wa Kalunde. Kisha yakatoka maneno ya Kivuva, kama yalivyosemwa siku ile: chukua yangu. Mutindi alilia. Bulle alinyoosha mkono kuiondoa sindano, maana santuri ilikuwa imefika mwisho.

Kwenye santuri, Kivuva aliendelea kusema.

Alisema kwa furaha, haraka haraka, kama zamani akisokota waya. Mwanamke alikuwa akicheka, kwa sauti nene yenye kukwaruza kidogo. Kivuva alimweleza kwamba mvua ya mwaka huu ilichelewa wiki tatu, na kwamba yule ndama mwenye doa jeupe alikufa Jumanne.

Ndama huyo alikuwa amezaliwa Septemba mwaka huohuo. Alikufa Jumanne iliyopita.

Mutindi aligeuka. Kivuva alikuwa mlangoni, mdomo umefungwa, machozi yakimtiririka.

"Zima," alinong'ona Mutindi. "Bulle, zima."

Bulle aliinua sindano. Santuri ikasimama kabisa.

Sauti ya Kivuva ikamalizia sentensi yake kwanza, ndipo ikanyamaza.