Tiki Nyekundu za Kavata

Nilipokuwa darasa la saba, Kiingereza kilikuwa somo langu. Nilikuwa nikiongoza katika somo hilo tangu darasa la nne, na nilihakikisha kila mtu anajua. Mwenzangu akikosea hata neno moja, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kucheka.

Jioni nikirudi nyumbani Kangemi, nilimkuta baba mlangoni akisafisha brashi zake kwa mafuta taa. Baba yangu, Ngui, aliandika mabango ya maduka. Mwenye duka alimpa maneno kwenye kipande cha karatasi, naye akayanakili kwa rangi ubaoni au ukutani, herufi kwa herufi, bila kubadilisha kitu. Mwandiko wake ulipendeza ajabu. Lakini aliacha shule akiwa darasa la tano, na Kiingereza kilimpiga chenga. Kwa hiyo kabla ya kufungua mkebe wa rangi, aliniletea karatasi za wateja.

"Kavata, mama, hebu nitazamie hizi. Kizungu yao iko sawa?"

"Leta, baba."

Siku za kwanza nilizisoma kweli, na nilipomaliza niliweka tiki kwa kalamu nyekundu kama mwalimu. Baadaye nikachoka. Televisheni ya kina Awiti, majirani zetu, ilikuwa ikionyesha mchezo nilioupenda saa hiyo hiyo. Nikawa naweka tiki haraka haraka bila kusoma chochote, kisha natoka mbio. Baba alizitunga karatasi hizo kwenye waya uliokuwa ukutani, na chini ya kila bango alilomaliza aliandika pembeni kwa herufi ndogo: Ngui Signs, Kangemi.

Jumatatu moja, Mwalimu Fathiya aliyetufundisha Kiingereza alitupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja wetu atembee mtaani, atafute makosa ya Kiingereza kwenye mabango, kisha ayaandike pamoja na masahihisho yake. Tulifurahi sana. Kucheka makosa ya watu wazima kwa ruhusa ya mwalimu ni jambo lisilotokea kila siku.

Kesho yake Waithaka ndiye aliyeanza kusoma. "Kwa muuza maziwa wameandika 'We sale milk'. Inafaa kuwa 'We sell milk', kwa sababu 'sale' ni nomino, si kitenzi."

Darasa likacheka. Nami nilicheka.

"Kwa fundi wa viatu wameandika 'Here we repairs shoes'. Baada ya 'we', kitenzi hakichukui 's'. Na kwa msusi wameandika 'Childrens hair'. Neno 'children' tayari ni wingi, haliongezwi 's' ya wingi. Ni 'Children's hair', na ile alama ndogo ya kuonyesha nywele ni za nani." Waithaka akatabasamu. "Na Mwalimu, haya yote ni ya mtu mmoja! Chini hapo pameandikwa Ngui Signs."

Niliacha kucheka. Darasa zima lilikuwa likigonga madawati. Awiti, aliyeketi nami dawati moja, alinigeukia na kuuliza kwa sauti iliyosikika na wote, "Kavata, si huyo ni buda yako?"

"Zii," nilikataa. "Buda yangu anafanya kazi ya ofisi, town."

Awiti alinitazama, akageukia daftari lake. Alimfahamu baba vizuri kama alivyomfahamu wake. Uso ulinichoma, nikainama na kujifanya natafuta rula.

Mwalimu Fathiya hakuwa akicheka. "Hili ni jambo la kusikitisha," alisema. "Mwalimu mkuu alitaka kumpa bwana huyu kazi ya kuandika bango jipya la lango letu na kuta za darasa la kwanza. Itanibidi nimwarifu. Watoto wadogo hawawezi kujifunzia kwenye makosa."

Nilizijua habari za kazi hiyo. Baba alikuwa ameizungumzia wiki nzima. Alikuwa amenunua brashi mpya, na mama alishawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mume wake ataandika bango la shule. Ningeweza kusimama wakati ule na kusema ukweli, lakini niliendelea kujifanya natafuta rula hadi kengele ikalia.

Jumatano jioni baba alirudi mapema. Aliketi kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Wamesema watatafuta mtu mwingine," alimwambia mama. "Ati mabango yangu yamejaa makosa."

Kisha akainuka, akaangua ule waya ukutani na kuzipitia karatasi moja moja. Kila moja ilikuwa na tiki nyekundu. Nilimwona akitulia.

"Huyo mwalimu ndiye amekosea," alisema. "Hizi zote Kavata aliangalia. Kesho nitampelekea azione mwenyewe, hapo hapo darasani."

Alikuwa akiniamini mimi kuliko mwalimu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akilini nilimwona baba amesimama mbele ya darasa letu na waya wake mkononi, akinitetea, huku wakimcheka.

"Baba, usiende," nilisema. Machozi yalinitoka kabla ya maneno. "Sikuzisoma. Nilikuwa naweka tiki tu ndio niende kwa kina Awiti. Na jana walipokucheka... walipouliza kama wewe ni baba yangu, nilikataa. Nilisema baba yangu anafanya kazi ya ofisi."

Mama aliweka mwiko chini. Baba alichukua brashi yake mpya, ambayo haikuwa imeguswa na rangi, akaanza kuipangusa kwa kitambaa. Aliipangusa kwa muda mrefu sana.

"Ofisi gani?" hatimaye aliuliza.

"Sikutaja."

"Haya." Aliirudisha brashi ndani ya karatasi yake. "Kesho tutaenda sote wawili. Wewe ndiye utabeba waya."

Njia ya kwenda shuleni ilikuwa ndefu asubuhi hiyo. Baba hakunigombeza, na heri angenigombeza. Tulipoingia darasani, Mwalimu Fathiya alinipa ruhusa ya kuzungumza. Niliinua waya wenye karatasi ili wote wauone.

"Huyu ni baba yangu," nilisema. "Anaitwa Ngui. Yeye huandika anachopewa na wateja, na kabla hajaandika, huniomba mimi niangalie. Tiki hizi ni zangu. Makosa mliyoyacheka ni yangu."

Hakuna aliyecheka. Waithaka alitazama chini. Mwalimu alizichukua karatasi, akazisoma zote, kisha akamgeukia baba na kumwambia, "Samahani, mzee. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza." Akampeleka kwa mwalimu mkuu.

Baba alirudishiwa kazi, kwa sharti kwamba tusahihishe kwanza mabango yale matatu. Jumamosi tulizunguka Kangemi, yeye akibeba ngazi, mimi rangi. Kwa kila mwenye duka mimi ndiye niliyeeleza kosa na kuomba msamaha. Mama Muthoni wa maziwa alishika kiuno. "Ala! Kumbe miezi hii yote watu wananicheka na mimi nadhani wanapenda maziwa!" Fundi wa viatu alinung'unika, msusi akanipa ndizi. Aibu ilinifuata kutoka mlango hadi mlango.

Wiki iliyofuata baba aliniletea karatasi ya mwalimu mkuu yenye maneno ya lango la shule. Niliketi mezani, nikasoma neno kwa neno, kisha nikairudia kwa sauti. Katikati nilikwama. Nilishika kalamu nyekundu, nikaiweka chini.

"Baba, hapa sina hakika. Wacha niulize Mwalimu Fathiya kesho."

Tangu nilipokiri, baba hakuwa ametabasamu nami. Sasa alitabasamu.

"Mimi nilikuuliza kwa sababu sikujua, Kavata, na sikuona haya kumuuliza mtoto wangu," alisema. "Kutojua si aibu. Aibu ni kuweka tiki mahali hujasoma, na kumkana mtu aliyekuamini. Makosa ya mabango tumeyasahihisha kwa rangi. Hili kosa lako utalisahihisha wewe, kila siku, kwa kusema ukweli."

Alikunja karatasi, akanirudishia niende nayo shuleni, na mkebe wa rangi akauacha umefungwa.