Watatu Kwenye Foleni ya Maziwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Wahiba alipanga foleni ya maziwa dukani kwa Ami Lakhdar, mtaa wa juu kule Oran, Algeria, na kila asubuhi alirudi nyumbani amenuna. Maziwa ya mifuko yalikuwa ya bei nafuu kwa sababu serikali ililipia sehemu ya gharama, ili hata mnyonge apate. Lori liliyashusha alfajiri, na jua likichomoza yalikuwa yamekwisha. Kila nyumba iliruhusiwa mifuko miwili tu, tena Ami Lakhdar alimlazimisha mteja kununua na mtindi ambao hakuutaka. Utadhani kuamshwa gizani hakukuwa adhabu ya kutosha.

Wahiba hakwenda peke yake. Mdogo wake Houari alisimama hatua kadhaa nyuma yake, na binamu yao Sihem, aliyeishi nao, alijibanza karibu na mwisho. Mama alikuwa amewafunda vizuri. Wasisalimiane wala wasitazamane, kila mmoja ajifanye hamjui mwenzake. Kwa ujanja huo nyumba moja ilipata mgawo wa nyumba tatu. Karibu kila familia ya mtaa ule ilifanya vivyo hivyo. Watoto waliokula sahani moja usiku walipitana asubuhi kama watu wasiojuana, na hakuna aliyeona ajabu.

Watu waliotazamwa kwa jicho baya walikuwa Wamali, wahamiaji kutoka Mali. Familia chache zilizovuka jangwa na kuingia nchini bila karatasi zilikuwa zimehamia katika jengo lisilomalizika mwisho wa barabara, lisilo na milango wala madirisha. Wanaume walibeba zege kwenye ujenzi, wanawake walifua nguo za watu. Msichana wao mmoja, Assitan, wa rika la Wahiba, alikuwa ameanza kuja dukani kununua maziwa ya mdogo wake aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Asubuhi moja ya baridi maziwa yaliisha Houari akiwa karibu kufika mbele. Hapo jirani yao Boualem, mstaafu wa bandarini mwenye mdomo usiopumzika, akaanza. Alisema wao wanakatwa kodi miaka nenda miaka rudi, halafu watu ambao serikali haiwajui hata majina wanakuja kunywa maziwa ya wananchi. Mama mmoja akamuuliza kama kuna mtu aliyewaona wakichukua zaidi ya mgawo.

Wahiba alikuwa ameganda miguu na amechoka na kila kitu. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Yule msichana huja na ndugu zake wawili," alisema. "Wanasimama mbalimbali, wanajifanya hawajuani."

Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Lakini aliusimulia vizuri mno, kwa kuwa ujanja wenyewe aliujua kwa moyo.

Assitan alikuwa amesimama palepale, nyuma kidogo kwenye foleni. Alijitetea kwa Kiarabu cha mtaani alichojifunza, kwamba huja peke yake na mdogo wake hajaanza hata kutembea. Ami Lakhdar akamwambia asikanyage tena dukani kwake. Msichana akaondoka na kikapu chake kitupu, na foleni nzima ikahisi imepata haki yake.

Siku iliyofuata Assitan hakuwepo. Maziwa yakaisha palepale yalipoisha jana, na kesho yake vilevile. Mtu mwenye akili angejiuliza. Boualem hakujiuliza. Aliamua kwamba Wamali sasa wanatuma watu wengine kuwanunulia, na alasiri akagonga mlango wa kina Wahiba. Alitaka kumchukua binti hadi kituo cha askari akarudie ushahidi wake, ili lile jengo lizolewe lote, watu wapakiwe kwenye malori na kutupwa kule mpakani jangwani.

Mama akawa anakunja kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Kichwani mwake Wahiba alimwona Assitan juu ya lori na mtoto mgongoni, na aliyempandisha ni yeye.

Bibi Kheira, mama yake baba, alikuwa jikoni akimwaga maziwa yaliyoharibika. Alikuja akiwa na mfuko mmoja uliovimba mkononi.

"Wahiba, mjukuu wangu, ulimwona yule mtoto na ndugu zake?"

"Sikumwona, Bibi," alisema Wahiba, na machozi yakamtoka. "Nilisema tu."

"Ulisema tu. Umesikia, Boualem? Sasa njoo uone friji yetu. Imejaa, mengine yamechacha, kila juma namwaga. Haya nayo wameyaficha Wamali humu?"

Boualem alikasirika. Alisema hata kama mtoto amekosea, maziwa ya serikali ni ya raia, na watu wasio na karatasi hawana haki nayo.

"Hilo waulize wanaotunga sheria," Bibi alimjibu. "Labda unasema kweli, labda husemi, mimi sijui. Ninalojua ni kwamba huendi kwa askari na uongo wa mjukuu wangu. Na wanao wale wanne nao huwaoni kwenye foleni, mwanangu? Au macho yako yanaona Wamali peke yao?"

Boualem alitoka bila kuaga.

Asubuhi Wahiba aliwashika mkono Houari na Sihem, mbele ya macho ya watu wote. Houari alilalamika njia nzima kwamba wanaaibishwa bure. Zamu yao ilipofika, Wahiba alisema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma.

"Ami Lakhdar, sisi watatu ni nyumba moja. Tupe mifuko miwili. Na Assitan sikumwona na mtu yeyote, nilimsingizia."

Watu wakakohoa, wakatazama viatu vyao. Kisha mama aliyekuwa nyuma yao akamwita mwanawe kutoka katikati ya foleni, akasonya, akamwambia aje asimame naye. Mwingine akamwita wake. Foleni ikafupika hadi Ami Lakhdar mwenyewe akatoka nje kuitazama. Siku hiyo wa mwisho alipata, na mifuko ikabaki.

Ami Lakhdar alimpa Wahiba ujumbe, kwamba Assitan arudi. Wahiba akaupeleka kwenye lile jengo, akaomba msamaha. Assitan alimsikiliza akiwa amempakata mdogo wake.

"Nilikuwa nimesimama palepale," alisema. "Ungeniuliza."

Kesho yake alirudi kwenye foleni, lakini hakumsalimia Wahiba, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Alipomweleza Bibi, hakupewa maneno ya kumbembeleza.

"Mwache, ana haki ya kukasirika," Bibi alisema. "Wewe ulichukua kosa la nyumba yetu ukamvisha yeye, kwa kuwa ulijua hana wa kumtetea. Hasira ikikupanda tena, sema uliloliona kwa macho yako. Kama hukuona, funga mdomo. Sasa kamsalimie wewe kila asubuhi, hata asipoitikia."

Wahiba akaanza kesho yake.