Abiria wa Mama Mkwe

"Elfu tatu, Kithaka. Si mbili na nusu, si mwezi ujao. Elfu tatu leo, ama uniachie lori langu."

"Lori gani, Mwongera? Uliniuzia lori ama uliniuzia kaburi lenye magurudumu?"

Mwongera aliposikia neno kaburi alinyamaza. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mfanyabiashara wa maharagwe, shingo nene, na alinyamaza kama redio iliyoishiwa na betri.

"Ulilitazama kabla ya kununua," alisema baadaye, polepole.

"Nililitazama! Nililala chini ya tumbo lake nikahesabu springi zake moja moja. Lakini uliniambia linazimika kwenye mito?"

"Hiyo ni dizeli yako chafu."

"Dizeli yangu ndiyo inajua mto uko wapi?"

Tulikuwa nje ya nyumba yake, Kianjai, na majirani zake wamejipanga kwenye ua kama watu waliolipa kiingilio. Mimi ni Mwembu wa Kianjokoma, yeye ni Mtigania, kwa hivyo tuligombana kwa Kiswahili. Changu sikujifunza shuleni. Nilikiokota barabarani, na barabarani hakuna anayekusahihisha. Anakutukana tu, nawe unaelewa.

Pesa zilikuwa mfukoni, salio la mwisho la lori. Zilikuwa bei ya ng'ombe wa Nelius, mke wangu. Aliponipa alisema maneno machache: "Hii lori imekula ndizi zetu, imekula mabati ya jikoni, sasa imekula ng'ombe wangu. Ikileta shida nyingine kwa hii nyumba, mimi narudi kwa mama." Nelius hapigi kelele. Akisema jambo, amemaliza.

Nikalipa. Mimi nikipatana bei na mtu ninalipa, hata nikigundua nilipatana na nyoka. Mwongera alilamba kidole akahesabu noti. Majirani wakatawanyika, wamekosa ngumi.

Sitaki mtu adhani nililichukia lile lori tu. Nililiita Mama Mkwe, kwa sababu huwezi kulijibu, na ukiliendea lazima ubebe kitu. Asubuhi za baridi ya mlima lilikataa kuwaka mpaka nilimwagie maji moto kwa birika ya Nelius. Gia ya pili iliruka. Mlango wa abiria haukushika, niliufunga kwa kamba ya katani. Kwenye mlima, wanawake wenye mizigo ya kuni walinipita wakisema, "Pole, Kithaka." Nilikuwa nateremka nalipiga teke mpaka nachechemea. Lakini mvua ndefu ikishika, malori mapya ya matajiri wa mjini yakilala kwenye matope ya Kianjokoma, ni Mama Mkwe peke yake aliyepanda na kabichi zangu. Alinguruma, alitetemeka, alifuka moshi, hakusimama. Siku moja kama hiyo nilibusu usukani. Hilo sijamwambia mtu.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mito. Kila akikaribia daraja, anazimika. Mafundi wa Runyenjes walimfungua hata wakabaki na nati zisizo na kwao, na hawakuona kitu.

Basi siku hiyo nilipokuwa naondoka, mke wa Mwongera, Karambu, alikuja kuniaga. Mwanamke mpole. Alinipa viazi vikuu vilivyochemshwa, vimefungwa kwa jani la ndizi. Kisha akazunguka mbele ya lori, akaenda upande wa pili, akasimama kando ya mlango wa abiria.

"Muga, Ciakuthii," alisema.

Salamu ya Kimeru, na jina la mwanamke. Alisema kwa sauti ya chini, kama unavyosalimu mgonjwa.

Nilidhani kuna mtu ng'ambo ya ua. Nikatazama kupitia dirisha la abiria. Ua ulikuwa mtupu.

"Nani huyo, mama?"

"Enda salama," alijibu, na akarudi ndani haraka bila kugeuka.

Miaka ile lami haikuwa imefika. Kutoka Meru kwenda Embu ilikuwa vumbi ama matope, kona juu ya kona, mto juu ya mto. Nilipita Majengo nikaweka dizeli, nikashika njia. Lori lilikuwa tupu. Hata gunia halikuwepo. Lakini Mama Mkwe alivuta kama amebeba mawe, na alikuwa ameinama upande wa kushoto. Upande wa abiria.

Mto Thingithu ukatokea. Injini ikaanguka sauti. Ikafifia... ikafifia...

"Vuka, ng'ombe wewe!" nilifoka. "Ni Thingithu tu!"

Injini ikashika. Tukavuka.

Sikufikiria kitu. Nimemtukana hivyo kila safari.

Jua lilikuwa linazama tulipofika Mutonga. Ukungu ulikuwa umeteremka mlimani na kukaa juu ya maji. Kabla ya daraja, injini ikafifia tena. Wakati huu nilikuwa na kiazi mdomoni, sikusema kitu.

Ikazimika.

Kimya. Maji tu huko chini.

Nilimeza kiazi. "Huu ni Mutonga," nilisema. Sijui kwa nini nilisema taratibu, kama ninamwambia mtu. "Tunavuka sasa."

Sikuwa nimegusa zile waya ninazounganisha kuliwasha.

Injini ikawaka yenyewe.

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Nilijiambia ni mteremko, ni joto, ni waya zimegusana. Lakini nilipofika Nithi, pale barabara inapotumbukia bondeni kama imeanguka, sikusubiri. Nilianza kusema mapema, kona mbili juu ya daraja.

"Huu ni Nithi. Tunavuka. Tunavuka Nithi..."

Mama Mkwe akavuka laini kuliko siku yoyote tangu nimnunue.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Giza lilikuwa limeingia tulipofika Thuci, mpaka wa Meru na Embu. Nilisema maneno yangu. "Huu ni Thuci. Tunavuka."

Akazimika.

Nikasema tena. Nikapaza sauti. Nikagusa waya mpaka zikanichoma vidole. Hakuna. Radieta ilikuwa inachemka, mvuke unatoka chini ya boneti. Nikachukua debe na tochi, nikateremka mtoni kuchota maji. Niliporudi, kabla sijaona kitu, nilisikia harufu.

Sabuni ya hospitali. Ile kali. Na chini yake, udongo uliochimbwa sasa hivi.

Kamba ya mlango wa abiria ilikuwa imefunguliwa.

Haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa, ikakunjwa vizuri, ikawekwa juu ya dashibodi, kama mwanamke anavyokunja kamba yake ya kuni.

Nilimulika kiti. Hakukuwa na mtu. Lakini kile kiti cha sponji kilikuwa kimebonyea, kimekaliwa, na nilipokuwa nakitazama... kikabonyea kidogo zaidi. Kama mtu aliyesogea ili anione vizuri.

Kisha nikasikia. Karibu sana na sikio langu. Sauti kavu, ya kike, kwa lugha ya nyumbani.

"Nitwakinya?"

Tumefika?

Debe lilianguka. Sikumbuki nilimwaga maji kwenye radieta ama kwenye viatu vyangu. Nakumbuka niliingia, nikasema, "Bado. Bado, mama. Bado kidogo." Injini ikawaka.

Niliendesha nikitazama mbele tu. Taa ilikuwa moja, upande wangu. Upande wa pili ulikuwa giza, na kwenye giza lile mtu alikuwa anapumua bila haraka. Runyenjes ilikuwa imefunga milango. Nilikata kulia kupanda Kianjokoma.

"Nitwakinya?"

"Bado."

Kona nyingine.

"Nitwakinya?"

"Bado, nimesema!"

Kwa nini sikusimama nikakimbia? Nimejiuliza sana. Lori lilikuwa limelipiwa siku ileile. Ng'ombe wa Nelius alikuwa ndani ya ile injini. Ningemwambia nini? Nimeliacha barabarani, kuna mtu ndani? Nililiendesha lori langu, na aliniuliza mpaka mlango wa nyumba yangu.

"Nitwakinya?"

Mimi nina hasira za karibu, na woga ukinizidi unageuka hasira. Niliona mwanga wa jikoni kwangu, nikajua nimepona, na hapo nikapasuka. Nikapiga usukani kwa ngumi.

"Tumefika! Ndiyo! Tumefika! Shuka! Shuka uniondokee!"

Kimya.

Mlango wa abiria ukafunguka.

Polepole.

Springi za kushoto zikalia, lori likainuka, likakaa sawa. Nilisikia nyayo kwenye matope. Pwa... pwa... Hazikuelekea barabarani. Zilielekea kwenye mwanga.

Nelius alikuwa ametokea mlangoni na taa ya mafuta. Alitabasamu, akasogea kando, kama mtu anayempisha mgeni. Kisha akakunja uso.

"Umekuja na nani?" aliniuliza.

"Peke yangu."

"Mbona nimesikia mtu akinishukuru?"

Tangu usiku ule Mama Mkwe amepona. Sitanii. Anawaka kwa mguso mmoja hata asubuhi za barafu. Gia hairuki. Anavuka mito kama si mito, na wale wanawake wa kuni wananipigia vigelegele. Kabichi zangu zinafika Embu kabla ya za matajiri. Nilivyolitamani lori la namna hiyo! Na sasa silitaki. Ningetoa kitu chochote lirudi kuwa lile bovu, zito, linaloinama kushoto.

Kwa sababu kile lilichobeba sasa kiko nyumbani kwangu.

Mwanzo Nelius alidhani ni mimi. Aliamka akakuta maharagwe aliyoacha kwenye ungo yamechambuliwa. Mazuri huku, mabovu huku. "Leo umekuwa mume mwema," alisema. Nilimwacha aamini hivyo. Kesho yake majivu ya jiko yalikuwa yamezolewa, kigoda kimevutwa karibu na moto. Harufu ile ya sabuni ilianza kushika kwenye blanketi. Kisha usiku mmoja Nelius akaniamsha kwa kunibana mkono mpaka kucha zikaingia.

"Kithaka," alinong'ona. "Kuna mtu ameketi miguuni pangu."

"Lala."

"Ananiuliza."

"Anakuuliza nini?"

"Anauliza watu wake wako wapi."

Asubuhi alifunga nguo zake. Hakulia, hakunitukana. "Mimi siwezi kupikia mtu nisiyemwona," alisema. "Mwondoe. Ukimwondoa, njoo unichukue kwa mama. Usipomwondoa usije." Alishuka mteremko na mzigo wake kichwani, na nilipogeuka kuingia ndani, kigoda cha pili kilikuwa kimetolewa karibu na changu.

Nililiwasha lori nikaenda Kianjai. Nilifika jua likiwa bado juu. Zamani safari hiyo ilinila siku nzima.

Mwongera aliniona akataka kuingia ndani. Karambu ndiye aliyemzuia. Alisimama mlangoni, akamwambia, "Mwambie. Usipomwambia wewe, nitasema mimi." Ikabidi Karambu aseme mwenyewe.

Ciakuthii alikuwa mwanamke wa Mbeere, alikuja Kianjai kununua maharagwe, akaugua akafia hospitalini. Ndugu zake walimkodi Mwongera ampeleke kwao. Kwa watu wale, maiti haibebwi kama gunia. Mwenye gari husimama mlangoni akamwita kwa jina: panda, twende kwenu. Kwenye kila mto anaambiwa anavuka. Akifika, aliyempandisha ndiye humwambia ashuke. Mwongera alimwita vizuri. Mito yote alimwambia. Lakini pale Thuci lori lilichemka, jua likazama, na ndugu walikuwa na haraka. Pikapu ikapita. Wakahamisha sanduku.

"Hakuna aliyemwambia anahama," Karambu alisema. "Walizika sanduku. Yeye alibaki kwa kiti."

"Nawe ulijua. Ulimsalimu."

"Nilimwona ameketi hapo kila siku, hakuna anayemsemesha." Alifuta macho kwa leso. "Nilidhani anastahili salamu. Sikujua ataamka."

Nilimgeukia Mwongera. "Uliniuzia lori lenye mtu."

"Niliuza lori na vilivyomo," alisema. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. "Na ni wewe ulimwambia amefika. Si mimi. Amekusikia wewe. Sasa mwenyeji wake ni wewe."

Hapo alinipata, maana ilikuwa kweli.

"Mimi nilinunua chuma," nilisema. "Chuma na mbao na magurudumu. Mtu hatukupatana bei."

"Niache, Kithaka."

"Kule kwangu anauliza watu wake wako wapi. Mimi siwajui. Wewe unawajua. Ulifika hospitalini ukamwita kwa jina."

Karambu hakuwa anatutazama tena. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye lori, na mkono wake ulikuwa umepanda taratibu mpaka mdomoni.

"Kithaka," aliuliza. "Umekuja peke yako?"

Sikugeuka. Nilisikia springi za kushoto zikilia kidogo, kama mtu aliyejiweka sawa kwenye kiti.

Nilimshika Mwongera shati.

"Ulimwambia unampeleka kwao," nilisema. "Mpeleke."