Nati Mbili za Silinda ya Nne

Siku za likizo, kazi ya kwanza ya Spana ilikuwa kufagia gereji kabla wateja hawajaanza kuingia. Alimwaga unga wa mbao juu ya madoa ya oili, akaufagia, kisha akapanga vifaa ukutani, vidogo juu na vikubwa chini. Jina la Spana hakupewa na wazazi wake. Mafundi wa mtaa ndio waliombandika kwa kuwa alikuwa msichana mrefu, mwembamba, na kila palipobana alitaka kuingiza kichwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi na shangazi yake, fundi wa injini na mwenye gereji ile.

Kwa kawaida alifagia huku akiimba. Asubuhi hiyo alikuwa kimya kama kuku aliyenyeshewa, kwa sababu ya jambo alilolifanya jana yake.

Gereji ya shangazi ilikuwa na desturi moja. Kila nati muhimu iliyopimwa na kukazwa ilipakwa tone la rangi, na kila fundi alikuwa na rangi yake. Ya shangazi ilikuwa nyekundu. Ukishapaka, umetoa neno lako, na hakuna atakayepita nyuma yako kupima tena. Ndiyo maana Spana hakuwahi kuwa na rangi. Yeye alikaza, shangazi akapima upya, ndipo tone jekundu likapakwa. Jana, baada ya likizo kadhaa za kufundishwa, shangazi alimkabidhi kikopo kidogo cha rangi nyeupe.

"Hii yako," alimwambia. "Ukipaka wewe, mimi sipimi."

Spana nusura aruke kwa furaha. Kazi aliyopewa ilikuwa kwenye gari kuukuu la mkunga mstaafu, gari la taa za mviringo lililomzidi umri hata shangazi mwenyewe. Injini yake ilikuwa imefumuliwa yote na kuundwa upya, ikabaki kuseti valvu tu. Valvu ni kama vilango vya silinda: kimoja huingiza hewa na petroli, kingine hutoa moshi. Juu ya kila valvu kuna kijikono cha chuma kinachoisukuma ifunguke, na kati ya hivyo viwili lazima ibaki nafasi nyembamba, ya kupitisha kibati cha kupimia, inayoshikiliwa na nati isibadilike. Nafasi isipokuwepo, valvu haifungi sawasawa, na silinda hupoteza nguvu.

Silinda ya kwanza, ya pili na ya tatu alizifanya vizuri, ulimi nje, jasho likimtoka. Alipofika ya nne, rafiki zake wakamwita kutoka getini. Timu ya netiboli ilikuwa imepungukiwa mchezaji mmoja, na wenzao wa mtaa wa pili walikuwa wameshafika uwanjani. Shangazi alikuwa ametoka kununua gasketi ya kuzuia oili isivuje. Spana akaziangalia zile nati mbili za mwisho. Kwa macho zilionekana sawa na nyingine. Akazikaza bila kupima, akazipaka rangi, akajiambia kwamba akirudi atazipima.

Aliporudi alikuta shangazi ameshafunga kifuniko cha juu ya valvu.

"Umemaliza zote?"

"Nimemaliza, shangazi."

Ulikuwa uongo mfupi, lakini ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mara mbili wakati wa chakula alitaka kusema, na mara mbili shangazi akamsifu kwanza.

Basi asubuhi hiyo mkunga alifika mapema, amevaa gauni lake la kutokea. Shangazi akawasha injini. Iliwaka, lakini kwa kuchechemea. Gari zima lilitetemeka, moshi ukatoka kwa vipande vipande, na kila baada ya mipigo mitatu injini ilikuwa kama imejikwaa.

"Mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu," alisema mkunga. "Mtoto akilia hivi, hayuko sawa."

Shangazi akacheka kidogo, kisha akaanza kutafuta ugonjwa. Alishika koleo lenye mpini wa mpira, akachomoa waya wa plagi ya kwanza injini ikiwa inanguruma. Mtetemo ukazidi. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akaurudisha, akachomoa wa pili, kisha wa tatu, na kila mara injini ililalamika. Alipochomoa wa nne, hakuna kilichobadilika.

"Mvivu ni huyu," akasema shangazi.

Spana akaficha mikono mgongoni. Alijua mvivu alikuwa nani.

Shangazi alibadilisha plagi, akabadilisha waya, mambo yakawa yaleyale. Akafunga kipimo cha mgandamizo kwenye tundu la plagi, na mshale wake ukaishia chini sana: hewa ilikuwa ikivuja mahali. Hapo akafungua kifuniko cha juu ya valvu. Spana akashusha pumzi. Sasa shangazi angepima, angegundua, na yote yangekwisha bila yeye kufungua kinywa.

Shangazi aliinama, akaangaza tochi. Matone meupe yalikuwa pale, safi, kwenye nati zote.

"Shangazi," Spana alisema kwa sauti ndogo, "labda tupime tena hizi."

"Za nini? Rangi yako ipo." Shangazi akamgeukia mkunga, uso umejaa fahari. "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Akipaka, amepima."

Spana alitamani ardhi ipasuke immeze. Kama angepigwa kofi, lisingeuma kama sifa ile.

Kifuniko kikafungwa. Kwa hesabu ya shangazi, aliyebaki kulaumiwa alikuwa mmoja tu: Mzee Polepole, mkerezaji wa vyuma mwenye karakana mkabala na gereji, aliyesaga vikalio vya injini hiyo, ambamo valvu hukaa zikifunga. Watu walimwita hivyo kwa sababu kazi aliyoahidi asubuhi ulikuwa na bahati ukiipata jioni. Lakini kazi yake ikitoka, ilikuwa imetoka. Akaitwa, akaja akifuta mikono kwa kitambaa, akitabasamu.

Shangazi hakumpa hata nafasi ya kusalimia vizuri. Alimwambia kwamba amemtia aibu mbele ya mteja, kwamba silinda ya nne inavuja, na kwamba sasa atalazimika kung'oa upya kazi yote. Wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. Mzee Polepole hakujitetea. Alitazama mshale wa kile kipimo kwa muda mrefu, na tabasamu likamwisha.

"Nilikipima kikalio hicho mara mbili, mwanangu," alisema. "Lakini kipimo hakidanganyi. Labda ni macho. Nimekuwa nikijiuliza siku nyingi kama macho yangu bado yanafaa kwa kazi hii."

"Basi ungeniambia mapema, mzee. Kazi zangu nitazipeleka kwingine."

"Ni haki yako. Nami afadhali nifunge karakana kuliko kuharibu mali za watu."

Akageuka akaondoka, mgongo umepinda kidogo kuliko alivyokuja. Spana alimtazama akivuka barabara. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, lakini meno hayakuachana. Alijichukia. Mzee wa watu alikuwa ametwishwa zigo lisilo lake, na mwenye zigo amesimama pale, mikono mitupu.

Shangazi akachagua spana kubwa, akaiweka kwenye boliti ya kwanza ya silinda hedi, kichwa cha injini chenye vile vikalio, ili aanze kuing'oa. Spana akapiga moyo konde.

"Shangazi, usifungue. Ni mimi. Silinda ya nne sikuipima. Nilipaka rangi tu, nikaenda kucheza."

Machozi yakamtoka kabla hajamaliza. Shangazi akaiondoa spana kwenye boliti. Mkunga akamsogelea Spana. "Mficha uchi hazai," akasema taratibu. "Heri umesema."

"Chukua kibati," shangazi akamwambia hatimaye. "Pima sasa, nione."

Kifuniko kikafunguliwa tena. Spana alizungusha injini kwa mkono mpaka silinda ya nne ikakaa mahali pake, akajaribu kupitisha kibati. Kwenye valvu ya kwanza kilikwama. Kwenye ya pili hakikuingia hata ncha. Akalegeza, akaseti, akapima, akakaza, akapima tena. Shangazi akawasha. Injini ikanguruma kwa ulaini, mtetemo ukatoweka, na moshi ukatoka mfululizo.

Mkunga alifurahi. Shangazi hakufurahi. Alizima injini, akanawa mikono, akamwambia Spana wafuatane.

Walimkuta Mzee Polepole amekaa kwenye kiti chake, mashine kimya, anapangusa vifaa vyake kimoja kimoja na kuvitia sandukuni. Shangazi ndiye aliyeanza. Alimwomba radhi kwa kumvunjia heshima hadharani kabla ya kuhakikisha, akaahidi kwamba wale waliomsikia akimlaumu watamsikia pia akimsafisha. Kisha akamsukuma Spana mbele. Spana akasema yote, hata netiboli, bila kuinua uso.

Mzee Polepole aliweka chini kifaa alichokuwa akikipangusa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

Spana akaitikia kwa kichwa, akaangua kilio. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa swali hilo.

"Kulia hakumrudishii mtu kitu," alisema shangazi, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Kutamani kucheza si kosa. Ungeniambia jana, tungepima pamoja, na hakuna ambaye angejua. Uongo wako ulikuwa mdogo kuliko nati, lakini ona ulikofika: umefika kwenye macho ya mzee huyu. Uongo hauumizi aliyeusema peke yake. Hutafuta asiye na hatia ukamkalia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, likiwa bado kosa lako peke yako."

"Nimesikia, shangazi. Utaniamini tena?"

"Si leo. Nitapima nyuma yako mpaka nitakaporidhika, na utavumilia."

Spana akafuta uso. Haikuwa adhabu aliyoitaka, lakini aliiona ni ya haki. Akachuchumaa kando ya sanduku, akamwomba mzee ruhusa, akaanza kumrudishia vifaa vyake juu ya meza ya mashine.