Bi Mkate na Babu Karafuu

Hapa Tanga, kutoka Chumbageni mpaka Mwambani, hakuna anayeyajua mapenzi kunishinda mimi. Nimeolewa mara tatu. Haya, mara mbili. Ile ya tatu pilau lililiwa lakini bwana harusi hakutokea. Kwa hiyo msinitazame mimi, mtazameni Semeni, aliyekipata alichokitaka akiwa na miaka hamsini na minne, meno yote kinywani isipokuwa moja, na hilo moja halikuwa la mbele.

Semeni alikuwa mjane wa Nguvumali, mpishi wa mikate ya kumimina. Alhamisi hiyo alikuwa amesimama stendi ya mabasi ya Kange, kwenye dirisha la vifurushi, wapiga debe wakimpigia kelele huku na huku. Alivaa baibui lenye shanga mikononi na mtandio wa zambarau, asumini shingoni, utadhani kaja kumpokea waziri. Kumbe kaja kupokea vitabu.

Vitabu vyenyewe vilitoka kwa Castory, kijana wa Dar es Salaam anayeuza vitabu bila kuwa na duka. Kila Jumapili Castory hutandika mkeka sakafuni kwake, akamwaga vitabu vikuukuu alivyookota kokote, akavipa namba, akapiga picha na kuzitupa mtandaoni. Hapangi hata kidogo. Cha kufuga nyuki kimelalia cha sala, kamusi ya Kijerumani imekaa mapajani mwa riwaya ya mapenzi, na mwongozo wa pikipiki umebanwa na fizikia ya kidato cha tatu. Anayekitaka kitabu huandika chini ya picha, "Changu namba fulani." Wa kwanza kuandika ndiye mwenyewe, wa pili apanguse machozi.

Semeni aliishia darasa la saba, lakini hakuwa na raha kama ya kuivuta ile picha kwa vidole viwili, akasoma migongo ya vitabu mmoja mmoja huku mkate unaiva jikoni. Hakununua vingi. Kutazama kulimtosha, kama wenzake wanavyotazama vitenge dukani.

Mle mtandaoni Semeni alijiita Bi Mkate, na tatizo lake lilikuwa mtu mmoja anayejiita Babu Karafuu. Kila Semeni alipokipenda kitabu, akiandika tu, Babu Karafuu kaandika zamani. Semeni hamjui, ila alikwisha kumwombea kuharisha mara mbili.

Karani wa dirishani akasukuma boksi. "Bi Mkate! Na huyu mwingine, Babu Karafuu! Boksi moja, majina mawili. Malizaneni wenyewe."

Semeni akageuka. Nyuma yake alisimama mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi hadi likawa na makali, kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, miwani imeungwa kwa uzi wa cherehani, naye ameinua mkono kuitikia jina.

"Kumbe ndiye wewe!" akasema Semeni.

"Ndiye mimi nani?"

"Mwizi wa namba ishirini na tatu! Riwaya ya upelelezi, isiyo na jalada!"

"Bi Mkate?" Mwanamume akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mimi nikidhani ni msichana wa chuo, namna unavyonitukana mle mtandaoni."

"Na mimi nikidhani ni babu. Mbona huna hata mvi?"

"Nazipaka hina, dada yangu. Usinitangaze."

Jina lake lilikuwa Maulid, Mpemba aliyehamia Tanga miaka mingi iliyopita, fundi wa kutengeneza cherehani pale Usagara, mtalaka. Boksi likafunguliwa juu ya meza ya muuza chai. Semeni akatoa cha upishi wa Wagoa wa India, Maulid akatoa cha nyuki, na namba ishirini na tatu ikabaki katikati yao.

"Kitabu hakina hata jalada," alisema Maulid. "Umejuaje kama kizuri?"

"Tazama kurasa zilivyoshikwashikwa. Watu walikuwa hawakiachi."

"Basi tugawane. Mimi nakusomea kwa simu, sura moja kila siku saa kumi."

"Kwa nini nisisome mwenyewe?"

"Kwa sababu ukikichukua wewe, sitakuwa na sababu ya kukupigia."

Semeni akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, ya moto vile vile, asionekane anavyotabasamu.

Basi ikawa kila alasiri, mkate ukishamiminwa, simu inalia.

"...akafungua mlango taratibu, taa ikazimika, na nyuma yake..."

"Nyuma yake nani?"

"Kesho."

"Maulid!"

"Kesho, laazizi."

"Wewe Mpemba wewe, nitakufia hapa na mkate utaungua!"

"Uungue. Mimi huku nimekwisha kuungua, hakuna aliyekuja na ndoo."

Kicheko cha Semeni kilivuka ua kikamfikia Luqmani, mwanawe wa pekee, karani wa ghala, aliyekaa vyumba vya nyuma na mkewe Nasima na watoto wawili. Luqmani ni kijana mwema, ila ukarani ulimpanda kichwani. Hata kumkemea kuku ni lazima atoe sababu tatu.

"Mama," alimwambia jioni moja, "kijiweni wananiuliza kama huyo Mpemba nitamwita baba."

"Waambie utaanza na shikamoo, mengine baadaye."

"Mama, una wajukuu!"

"Ninao. Wamenizuia nini? Wanataka kunioa wao?"

"Watu watasema."

"Baba yako alipokufa nilikaa eda yangu yote, siku kwa siku. Watu wakasema nimekonda. Nikarudi kupika mikate, wakasema nimenenepa. Sasa nataka waseme nimependwa. Kuna ubaya?"

Luqmani akavuta pumzi, akatoa silaha aliyoitunza. "Ndoa haiwi bila walii wa kumwozesha mwanamke. Walii wako ni mimi, na mimi sitoi idhini. Nimeshawaambia wazee wote kijiweni."

Nasima, aliyekuwa akichambua mchele, akainama asicheke. Semeni hakuinama.

"Umewaambia wazee wazima kwamba mtoto humwozesha mama yake? Na hawakukuvunja mbavu kwa kicheko? Nilikupeleka madrasa miaka sita, mwanangu, kumbe ulikuwa ukihesabu mbuzi dirishani! Walii wangu ni kaka yangu Mbwana. Yuko Pangani, mzima, anakula. Wewe niliyekunyonyesha utasubiri ubwabwa kama wageni wengine."

Luqmani akaondoka na uso kama karai lililoshika kutu. Aliyekosa mlango halali, jamani, huanza kutazama madirisha.

Wiki iliyofuata, Jumanne, saa kumi ikafika na simu haikulia. Jumatano haikulia. Semeni akapiga, haikuita. Akaandika, "Unaumwa?" Ujumbe ukakaa pale pale kama mtu asiyekaribishwa ndani. Jumapili Castory akatandika mkeka wake, na namba nane ilikuwa kitabu cha ndege wa pwani, chenye picha za rangi. Semeni akaandika "Changu namba nane", akangoja kushambuliwa. Babu Karafuu hakutokea. Kitabu akakipata, akajiona kama aliyeshinda mbio alizokimbia peke yake.

"Kaogopa," alimwambia Nasima. "Wanaume wa miaka hamsini na minane wanaogopa kuliko wavulana."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nini?"

"Unaogopa?"

Semeni akafikiri kwa muda wa kugeuza mkate mmoja. Halafu akazima jiko. Alivaa baibui lile lile la shanga, akaongeza bangili, akajifukiza udi mpaka jirani akapiga chafya.

"Mama, unamfuata mwanamume?" aliuliza Nasima, macho yakimcheka.

"Nafuata kitabu. Sura nne zimebaki kwake. Anayetaka kusema na aseme kwa sauti, nisikie nikiwa njiani."

Usagara alimkuta Maulid kainamia cherehani ya miguu, mikono imejaa mafuta. Alipomwona alisimama, kisha akakumbuka kununa, akakaa tena.

"Bi Semeni. Karibu. Una cherehani mbovu?"

"Nina mwanamume mbovu. Siku nane hajalia."

"Si ulinikataza?"

"Mimi?"

Maulid akapangusa vidole kwa kitambaa, akafungua simu, akamnyooshea bila kumtazama. Semeni akasoma: *Ndugu Maulid, baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia kwamba mimi ni mama na bibi, naomba usinipigie tena simu. Wako katika ujenzi wa taifa, Semeni.*

Akasoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Unalia?" Maulid akaruka, akaangusha bisibisi. "Usilie, laazizi, mimi..."

"Mimi? Katika ujenzi wa taifa?" Semeni alikuwa akicheka hadi akashika meza. "Tangu lini mimi nikakuita ndugu? Mimi hukuita Mpemba! Huu si mkono wangu, huu ni mkono wa karani wa ghala!"

Wakafungua simu ya Semeni. Namba ya Maulid ilikuwa imezuiwa, simu wala ujumbe visiingie wala visitoke. Wakatazamana. Jina halikutajwa, hapakuwa na haja.

"Na sura nne zangu umezimaliza peke yako?" aliuliza Semeni.

"Hata ukurasa. Niliona nikisoma bila wewe nitakuwa nimekuibia."

Semeni akashusha macho, akaanza kuzizungusha bangili zake moja moja. Ungemwona ungesema msichana.

"Bi Semeni," alisema Maulid, "ungekuwa kwenye mkeka wa Castory, ningeandika kabla hajapiga picha."

"Mimi siandikiwi changu. Mimi ndiye ninayeandika." Akamwelekezea kidole chenye pete. "Changu namba moja, wewe hapo. Ijumaa baada ya sala uje na watu wako. Kaka Mbwana atakuwa kwangu."

Ijumaa hiyo sebule ilijaa. Mzee Mbwana, mrefu na mkavu, alikaa kwenye kochi la katikati, kanzu imenyooka kama ubao. Maulid alikuja na wazee wawili wa Kipemba, mmoja kashika sinia la haluwa. Semeni alikaa nao pale pale. Alipoambiwa posa huzungumzwa wakati mwanamke yuko chumbani, alisema chumbani kuna joto. Nasima alipitisha kahawa. Wazee walipokwisha kueleza haja yao, Luqmani akakohoa.

"Mjomba, mimi sina kinyongo. Ila ni haki ijulikane kwamba Mama mwenyewe alimkataa huyu bwana kwa maandishi. Kama sasa anakubali, huenda kashawishiwa."

Mzee Mbwana akamgeukia dada yake. "Uliandika?"

"Sikuandika. Yupo aliyeniandikia."

"Nikiridhika kwamba hukuandika, namaliza leo leo. Nikiona huna msimamo, nangoja mwaka." Akamtazama mpwa wake. "Luqmani, simu ya mama yako umewahi kuishika?"

"Mimi? Sijaigusa tangu alipoinunua, Mjomba. Hata namba ya siri siijui."

Nje pikipiki ikazimwa. "Hodi! Mzigo wa Bi Mkate kutoka Kange!"

Semeni akalipokea boksi, akalikata kwa kisu cha haluwa. Kitabu cha ndege kilikuwa juu. Chini yake kilikuwa kingine, kimefungwa gazeti mara mbili. Akalifungua gazeti, akasoma jalada kwa sauti ya mwanafunzi wa darasa la kwanza: "*Siku Thelathini za Kumtuliza Mke Aliyenuna.*" Akageuza huku na huku. "Hiki sikukiagiza."

Luqmani akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

"Kaa," alisema Mzee Mbwana.

Semeni akapiga simu, akaiweka mezani, akafungulia kipaza sauti.

"Mama yangu, shikamoo!" ilisema sauti ya Castory. "Mzigo umefika?"

"Marahaba, baba. Umefika na nyongeza. Hiki cha mke aliyenuna kakiagiza nani?"

"Wewe mwenyewe, Mama. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, kwa ujumbe wa faragha, si chini ya picha."

"Saa nane mchana mimi huwa nimelala," alisema Semeni polepole, ili kila mtu asikie, "na simu iko dirishani kwenye chaji. Niliandikaje?"

"Nikusomee? 'Changu namba thelathini na moja. Tafadhali kifungwe vizuri, jalada lisionekane. Mke wangu amehamia chumba cha watoto, wiki ya tatu sasa.'" Castory akasita. "Nilishangaa kidogo, Mama. Lakini mimi wateja siwaulizi mambo ya ndani."

Mmoja wa wale wazee wa Kipemba akazamisha uso kwenye kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu. Nasima, mlangoni, akalitua birika chini.

"Wiki ya nne," akasema. "Wiki ya nne sasa."

Jasho lilimtoka Luqmani puani. "Mjomba, pengine... pengine Mama aliandika kwa utani, mambo ya mtandaoni haya..."

Mzee Mbwana akamtazama dada yake kuanzia mtandio mpaka kucha za miguu zilizopakwa hina, akachukua muda wake wote. Kisha akamgeukia karani.

"Mama yako," akauliza, "ana mke?"